Kwa rafiki aliyeuliza kama UKIMWI bado unaua

Ndugu yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Mimi mzima, usingizi tu ndio haba.

Nimecheka uliposema dawa zipo na watu wanazeeka nazo, sasa wewe unatafiti nini tena? Swali halali. Wengi wakisikia natafiti VVU hudhani nasaka chanjo. Wanaoisaka wapo, Mungu awajalie. Mimi nashughulika na wanaokufa huku dawa zipo.

Unajua, kirusi chenyewe mara nyingi hakiui kwa mkono wake. Kinamaliza CD4, zile chembe za damu zinazoongoza kinga, na zikishuka chini ya 200 katika tone dogo la damu linalopimwa, magonjwa nyemelezi yanapata upenyo. Kinara wao ni kifua kikuu. Lakini kilichonishika mimi ni fangasi aitwaye kriptokokasi. Yumo kwenye udongo na vinyesi vya njiwa, tunamvuta kwa pumzi bila kujua, na mwenye kinga nzuri kwa kawaida hamdhuru. Kinga ikianguka, anapanda kichwani na kuleta homa ya uti wa mgongo.

Mgonjwa huja baada ya wiki kadhaa za kuumwa kichwa na kumeza vidonge vya maumivu, wengine macho yameshaanza kufifia. Inabidi tumchome sindano mgongoni, chini kiunoni, tutoe maji ya uti wa mgongo, na hapo ndugu huja juu: sindano hiyo inaua! Kumbe aliyekufa baada ya sindano aliletwa amechelewa, lawama ikaiangukia sindano. Maji yale yakipungua, presha ya kichwani hushuka. Nimeona mtu aliyekuwa akigumia akaomba uji saa hiyo hiyo. Tone moja tunalichanganya na wino mweusi na kuliweka chini ya hadubini. Kote giza, isipokuwa vijidude vya mviringo, kila kimoja na duara jeupe kukizunguka, maana wino haupenyi gamba lake. Siku nyingine vinajaa hadi hamu ya kuhesabu inaniisha.

Sasa sikia hili. Akili ya kawaida inasema: huyu hana kinga, mwanzishie ARV leo leo. Utafiti wa COAT, uliofanyika Uganda na Afrika Kusini, uliwagawa wagonjwa 177 kwa bahati nasibu: wengine walianza ARV ndani ya wiki 2, wengine walisubiri takriban wiki 5. Kufikia wiki ya 26, waliokuwa wamefariki kati ya walioharakishwa ni asilimia 45. Kati ya waliosubiri, asilimia 30. Kamati huru ya usalama ilisimamisha uandikishaji kabla ya muda, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Maelezo tunayoelemea ni kwamba kinga ikizinduka ghafla hukuta fangasi wamejaa kichwani, vita vinaanza humo humo, na fuvu halina pa kutanukia. Jaribu wewe kumwambia mama wa mtu: dawa za VVU tunazo, ila mwanao asubiri kwanza. Hakuna sehemu ya kazi hii ninayoiogopa kama hiyo.

Tiba yenyewe ya fangasi nayo ilikuwa adhabu: dawa iitwayo amfoterisini kwenye dripu kila siku, figo zinaumia, damu inapungua. Mwaka 2022 utafiti wa AMBITION, wa nchi tano za Afrika, ulionyesha kwamba dozi moja kubwa ya amfoterisini iliyofungwa ndani ya mafuta, pamoja na vidonge vya flusitosini na flukonazoli kwa siku 14, haizidiwi na tiba ya zamani, na madhara yake ni machache. Shirika la Afya Duniani (WHO) likaipitisha mwaka huo huo. Hata hivyo, karibu robo ya waliopata tiba hiyo mpya walifariki ndani ya wiki 10. Ndiyo maana bado niko maabara, bwana.

Kuhusu binamu yako aliyeacha dawa: asizirudie kimyakimya kwa kuona haya. Aende kliniki aseme ukweli, apimwe CD4, na zikiwa chini aombe kipimo cha damu cha kriptokokasi, kinachotoa jibu ndani ya dakika chache na kinaweza kumnasa fangasi kabla kichwa hakijaanza kuuma. Wampime na kifua kikuu pia. Kama kichwa kinamuuma tayari, asingoje Jumatatu. Nenda naye wewe mwenyewe, kisha niandikie majibu.

Wako,
Mtu wa hadubini