Mzee anayesahau apimwe, asishukiwe uchawi

Mhariri,

Kila gazeti lako linapochapisha habari za mzee aliyeuawa hapa Kilifi kwa tuhuma za uchawi, sababu zinazotajwa huwa zile zile: mvi, macho mekundu na ugomvi wa shamba la urithi. Ugomvi wa shamba siukatai. Hata hivyo, mengi ya yale yanayoitwa ushahidi wa uchawi ni dalili za demensia, ugonjwa wa ubongo ambao, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watu milioni 57 walikuwa nao mwaka 2021, zaidi ya nusu yao wakiwa katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati.

Mgonjwa wa demensia hugeuza usiku kuwa mchana. Jua likitua wasiwasi humpanda, akatoka nje na kupotea katika njia aliyoipita maisha yake yote, hata alfajiri akakutwa uani kwa watu, leso imemporomoka, akizungumza na dada yake aliyekwisha kufa. Huficha noti zake ndani ya mkebe wa unga, kisha akamshika mkaza mwana kwamba ndiye mwizi. Jirani asiyeujua ugonjwa huu atafikiri nini?

Nilipokuwa muuguzi, kabla ya kustaafu, niliketi na familia nyingi zilizomleta mzee wa namna hii baada ya kumaliza mbuzi kwa waganga, na baadhi yao walikuwa wameambiwa katika zahanati kuwa huo ni uzee tu, wakarudishwa nyumbani na tembe za maumivu. Uzee peke yake haumsahaulishi mtu jina la mwanawe. Isitoshe, yapo maradhi yanayofanana na demensia ambayo hutibika yakigunduliwa mapema, kama vile upungufu wa vitamini B12, udhaifu wa tezi ya shingo, sonona na maambukizi ya njia ya mkojo. Demensia yenyewe haina tiba ya kuiponya, ingawa ziko dawa zinazowapa baadhi ya wagonjwa nafuu ya muda, na familia inayoelewa kinachomsibu mzee wao huacha kumgombeza na kumfungia chumbani.

Msaada uliopo ni haba. Kifungu cha 57 cha Katiba kinampa mzee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na ya kutunzwa na familia yake pamoja na serikali. Mpango wa Inua Jamii, ambao tangu 2018 unawalenga wote waliotimiza miaka 70, hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi, fedha ambazo kwa nyumba inayonunua nepi za mtu mzima hazifiki mbali. Shirika la Alzheimer's and Dementia Organisation Kenya huwakutanisha walezi wapeane ushauri, na kituo cha Kaya Godoma huko Ganze huwahifadhi wazee waliotishiwa maisha. Madaktari bingwa wa ubongo ni wachache, na wengi wao wako Nairobi na Mombasa.

Hata hivyo, wapo wanaobisha hodi katika boma zetu tayari. Mnamo Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, wakakabidhiwa vifaa vya kupimia shinikizo la damu na sukari, maradhi mawili ambayo pia huongeza hatari ya demensia. Wanampima mzee mkono, lakini hawamuulizi kama amewahi kupotea njia, wala hawamuulizi anayemlea kama analala usiku. Naiomba Wizara ya Afya iongeze maswali machache ya namna hiyo katika simu wanazojazia taarifa, iwafunze kuyauliza kwa lugha ya nyumbani, na iwaelekeze wampeleke mzee huyo hospitalini kabla habari zake hazijafika kwenye baraza la kijiji. Kaunti ya Kilifi inaweza kuanzia Ganze.

Muuguzi mstaafu,
Kilifi