Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti wa Chama cha Wakusanyaji wa Rekodi za Laivu

Ndugu wanachama,

Nawasalimu wote mliofika. Wale ambao hawakufika, ambao kama kawaida ndio wengi, naomba mwafikishie salamu zangu pamoja na ujumbe kuhusu ada nitakaoutoa hapa chini.

Shughuli za kila siku mnazifahamu, hivyo nitazipitia haraka. Vikao vya kubadilishana rekodi za maonyesho ya muziki vilifanyika. Kaseti tulizoachiwa na mwenzetu aliyehama zimeingizwa karibu zote kwenye kompyuta chini ya usimamizi wa Katibu, kwa kutumia deki yangu binafsi, ambayo bado naisubiri irudi. Mafunzo ya kupanga maiki ukumbini yalifanyika, na waliohudhuria walifaidika. Hesabu za mwaka ni hizi: wanachama 58, waliolipa ada 21, rekodi zilizokuwa kwenye orodha mwanzoni 1,140, zilizoondolewa 173, zilizorudishwa 40, mpya 96, zilizopo sasa 1,103.

Hizo 173 ndizo zilizozua maneno, na sitazikwepa.

Uamuzi wa kuziondoa ulipitishwa na Kamati Tendaji katika kikao halali, akidi ikiwa imetimia. Nasisitiza hilo kwa sababu inasemekana mwenyekiti aliamka asubuhi akafuta rekodi za watu asiowapenda. Sikufuta kitu. Rekodi ziliondolewa kwenye orodha ya kubadilishana tu; kila mtu bado anazo zake nyumbani na anaweza kuzisikiliza mpaka achoke.

Chanzo ni kijana wetu mmoja, mdogo kuliko wote chamani. Mnajua alivyoanza: hana maiki, hana deki, ana simu na hamu. Alibahatika kupata kaseti mbili za mkono wa kwanza kutoka kwa mtu aliyerekodi mwenyewe, akazibadilisha kwa mafaili ya FLAC, aina inayotunza sauti yote bila kuipunguza, aliyoambiwa yametoka moja kwa moja kwenye mixa, mashine ya kuchanganyia sauti ukumbini. Aliponiletea, niliyafungua kwenye programu inayoonyesha sauti kwa picha. Sauti zote za juu zilikuwa zimekatwa karibu na kilohezi 16, mstari umenyooka kama umechorwa kwa rula. Hiyo ilikuwa MP3, aina inayotupa sehemu ya sauti ili faili liwe dogo, iliyovishwa koti la FLAC. Kijana alitoa mali akapewa mabaki, naye bila kujua alikwisha kuwagawia wenzake wanne.

Baada ya hapo Kamati iliniagiza kukagua orodha nzima kutafuta mafaili ya namna hiyo, na ndiyo hizo 173 zilizoondolewa. Niliifanya kazi hiyo usiku, baada ya saa zangu za kazi, bila posho. Nasema tu ili ijulikane.

Hoja za wapinzani nimezisikia. Ya kwanza ni kwamba sikio halitambui tofauti. Huenda lako halitambui, ndugu yangu, lakini rekodi haiishii kwako. Atakayeipokea ataigeuza MP3 tena aweke kwenye simu, na wa baada yake vilevile, na kila mara kinapotea kitu ambacho FLAC haiwezi kukirudisha, kwa kuwa FLAC inatunza ilichopewa tu. Enzi za kaseti hili tulilijua sote: kila nakala iliongeza mvumo, ndiyo maana mtu aliuliza kwanza nakala ni ya kizazi cha ngapi kabla hata ya kuuliza nani alipiga siku hiyo. Leo faili linang'aa na halivumi, basi watu wameacha kuuliza.

Ya pili ni kwamba hata kaseti za zamani hazina sauti za juu, hivyo nimeonea watu. Si kweli. Kwenye kaseti sauti za juu hufifia taratibu, hazikatwi kwa mstari. Na kwa wale waliokuwa tayari kunikamata kwa rekodi za redio: FM yenyewe huchuja sauti kwenye kilohezi 15 hivi, na kwenye picha huweza kuonekana alama ya stereo ya kituo penye kilohezi 19. Kamati ililijua hilo tangu mwanzo, na hakuna rekodi ya redio iliyoguswa kwa sababu hiyo.

Ya tatu ni kwamba tunajifanya wakali kuliko wote. Jamii ya etree, ya wanaobadilishana rekodi za laivu kwenye intaneti, iliyoanza mwaka 1998, ilikataa MP3 tangu siku zile intaneti ilipokuwa ya kukokota, na hifadhi ya muziki wa laivu ya maktaba ya mtandaoni Internet Archive iliyofunguliwa mwaka 2002 ilifuata njia hiyohiyo, tena kwa ruhusa ya wasanii. Ruhusa yenyewe inategemea imani. Bendi ya Grateful Dead ya Marekani ilipowatengea mashabiki warekodi eneo lao ukumbini mwaka 1984, makubaliano yalikuwa watu wabadilishane bila kuuza. Mwenye kudanganya kuhusu asili ya rekodi leo, kesho hatashindwa kuiuza.

Kwa hiyo uamuzi unabaki. Rekodi yoyote itakayoletwa iambatane na maelezo: ilirekodiwa ukumbini au kwenye mixa, kwa maiki gani, ikapita mikononi mwa kifaa gani, pamoja na alama za MD5, yaani namba ya utambulisho inayokokotolewa kutoka kwenye faili lenyewe. Hata hivyo MD5 huthibitisha tu kwamba faili halikubadilika njiani; haithibitishi kwamba lilikuwa zima lilipotoka. Mwanachama mmoja aliniletea MD5 safi kabisa ya faili bovu, akakasirika nilipoikataa.

Zile 40 zilirudi kwa sababu wenye nakala za awali walijitokeza. Mmojawapo alikuwa kijana yuleyule, aliyemfuata aliyempa, akamfuata aliyempa huyo, hadi akafika kwa mwenye kanda. Waliomtetea kwa kelele dhidi yangu hawakumsaidia hata kuandika barua moja.

Kuhusu ada, 37 hawajalipa, na miongoni mwao wamo waliozungumza kwa sauti kubwa zaidi juu ya hizo 173. Diski ngumu ya akiba nilinunua kwa fedha yangu. Risiti anayo Mweka Hazina, na sijalipwa. Chama chenye nakala moja tu ya kila rekodi kiko hatarini kupoteza vyote siku diski ikigoma. Mahudhurio nayo ni aibu: kikao cha robo ya tatu kiliahirishwa kwa kukosa akidi, ingawa wengi walipatikana jioni ileile kwenye onyesho.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, hali ikiruhusu, kupata diski ya pili, kukamilisha kaseti zilizobaki, na ikiwezekana kuzungumza na wasanii zaidi ili waturuhusu kurekodi. Kuhusu uongozi, sina kinyongo na yeyote anayetaka nafasi hii. Aje na ada yake imelipwa.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti