Mdogo wangu ana kifafa na anataka sinema ya usiku na wenzake. Niwaambie?

Shikamoo shangazi,

Mdogo wangu ana miaka 16. Jumamosi ijayo yeye na wenzake sita wamepanga kwenda kutazama filamu ya fantasia, zile za majoka, wachawi na falme zinazopigana, na wanataka onyesho la usiku. Ana kifafa kinachoamshwa na mwanga wa kumweka-mweka. Daktari hakumkataza. Alisema aende, mradi asiruke dawa na asikose usingizi. Wazazi wameniachia mimi mipango yote, na karibu kila jambo limepata njia yake isipokuwa moja: wenzake hawajui. Yeye ameapa kwamba nikiwaambia, haendi.

Nitakueleza kwa urefu kidogo, shangazi, maana swali la namna hii watu hulijibu kwa neno moja tu, "asiende", na jibu hilo halimsaidii kijana anayejua kwamba daktari amemruhusu.

Kifafa hiki si cha wengi. Kati ya watu 100 wenye kifafa, kama 3 tu ndio huamshwa na mwanga, na mara nyingi hujitokeza kati ya miaka 7 na 19, umri uleule wa kupenda sinema. Ukali wa mwanga si tatizo peke yake. Hatari kubwa ni mwanga kuwaka na kuzimika haraka, na kwa wengi kasi mbaya ni kati ya mimweko 3 na 30 kwa sekunde. Rangi nyekundu iliyokolea huzidisha. Huko Japani, tarehe 16 Desemba 1997, katuni moja ya televisheni ilionyesha nyekundu na bluu zikipokezana kama mara 12 kwa sekunde, na watoto wapatao 685 wakapelekwa hospitali jioni ileile. Mwaka 2011 iliripotiwa kwamba watazamaji kadhaa walianguka wakiwa sinema, kwenye tukio la kujifungua katika filamu moja ya vampaya. Kwa hiyo wasiwasi wangu haukutoka hewani.

Filamu za fantasia zimejaa mambo hayo: radi, fimbo za wachawi zinazopigana kwa miale, moto wa majoka unaoonekana kupitia nguzo huku kamera ikikimbia. Alama ya umri kwenye tiketi haikuambii lolote kuhusu hilo. PG-13 ya Marekani, iliyoanza mwaka 1984, humwonya mzazi juu ya mapigano, vitisho na lugha. Mimweko inatakiwa uitafute mwenyewe katika tangazo la tahadhari, ama mlangoni au pale unaponunulia tiketi, nalo wakati mwingine halipo.

Njia ya uhakika zaidi ni mtu mzima kuitangulia filamu. Nimekwishafanya hivyo, nikiwa na saa ya mkononi na kalamu. Kila mwanga ulipomweka zaidi ya mara tatu ndani ya sekunde moja, niliandika dakika na kilichotangulia. Matukio yako matatu, mawili yakiwa ndani ya dakika 35 za mwisho. Dakika hazimsaidii mtu aliyekaa gizani, kwa hiyo nimempa ishara za kwenye hadithi yenyewe: mlango wa mawe ukianza kupasuka, jiandae, mfalme akivua kofia ya chuma, jiandae. Sikumwambia kinachofuata, nisimwibie raha yake.

Kujiandaa kwenyewe wengi hukosea. Kufumba macho hakutoshi, kwa sababu mwanga hupenya kope na kuingia ukiwa mwekundu. Kinachosaidia ni kuziba jicho moja kabisa kwa kiganja kilichokunjwa kama kikombe, vidole vikiwa vimebanana, ukingo wa kiganja umegusa pua na mfupa wa shavu pasibaki mwanya, halafu kugeuza uso pembeni ya skrini. Jicho moja likizibwa barabara, nguvu ya mimweko kwenye ubongo hupungua sana. Amefanya mazoezi mbele ya kioo mpaka mkono unakwenda wenyewe.

Kuhusu aina ya onyesho, wenzake walitaka 3D. Wengi hudhani 3D ndiyo yenye kuangusha watu, lakini sivyo. Projekta ya kawaida ya 3D hupokezanisha picha ya jicho la kushoto na la kulia, kila fremu ikirushwa mara tatu kwa kila jicho. Fremu 24 kwa sekunde zinakuwa mimweko 144, kasi iliyo juu kabisa ya ile ya hatari, na miwani yenyewe hupunguza mwangaza. Shida yake ni nyingine. Macho hulazimika kulenga skrini iliyo mbali huku yakikutana kwenye joka linaloonekana liko puani, na baada ya saa moja wengi huumwa kichwa na kuhisi kichefuchefu. Mdogo wangu ana dalili zinazomtangulia kabla ya kuanguka: kichwa kizito na tumbo kupanda. Ndani ya miwani ya 3D hataweza kutofautisha kipi ni kipi. Kwa hiyo nimewaombea 2D. Viti vinavyotikisika na kurusha upepo nimevikataa moja kwa moja, kwani baadhi ya kumbi hizo huwa na taa za kumweka humo ndani, na hizo hakuna mfalme wa kuvua kofia akukumbushe.

Skrini ya sinema kwa kweli ni ya upole kuliko watu wanavyofikiri. Mwangaza wake kwa kipimo cha kawaida ni kama kandela 48 kwa mita ya mraba, wakati televisheni ya nyumbani huweza kupita 300. Kinachoiongezea nguvu ni ukubwa: ukikaa safu za mbele inajaza jicho zima na hakuna pa kuukimbiza uso. Ndiyo maana safu ni muhimu.

Mwanzoni nilitaka akae pembeni kabisa, juu nyuma. Nilipoingia ukumbini nikaona kosa langu. Njia za pembeni ni ngazi. Mtu akianguka akiwa kiti cha mwisho anabiringika kwenye ngazi, na kati ya safu na safu nafasi ni ya magoti tu, hapalaziki mtu. Mahali pazuri ni safu iliyo nyuma tu ya njia pana inayokata ukumbi katikati, usawa wa mlango: mbele yake kuna sakafu tambarare ya kumlaza, hakuna kiti cha kumpiga usoni, na mhudumu anafika kwa hatua chache. Katika ukumbi huu njia hiyo iko karibu theluthi mbili kutoka kwenye skrini, na huko ndiko sauti hukaa sawa zaidi, kwa hiyo wenzake walifurahi bila kujua sababu yangu.

Saa ndiyo iliyonisumbua zaidi. Wao walitaka onyesho la saa 3:15 usiku. Hesabu ni hii: matangazo na trela dakika 20, filamu dakika 170, kwa hiyo wanatoka saa 6:25. Dakika zile 35 mbaya zingeanza saa 5:50 usiku, wakati amechoka, na uchovu pamoja na kukosa usingizi humshusha kinga yake kuliko kitu kingine chochote. Nikawaelekeza kwenye onyesho la saa 12 jioni. Filamu inaanza saa 12:20 na kuisha saa 3:10. Wakitoka ni usiku, wanapata matembezi yao, naye analala kwa wakati wake.

Lakini dawa yake ni ya saa 2 kamili usiku. Kwenye onyesho la usiku mwingi angeimeza nyumbani kabla ya kutoka. Kwenye hili la jioni, saa 2 inamkuta ndani, dakika ya 100 ya filamu. Saa yake ya mkononi itamtetemekea bila kutoa mwanga, kidonge kiko kwenye kikasha kidogo mfuko wa shati, chupa ya maji iko kwenye kishikio cha kiti. Sekunde kumi zinatosha. Ila aliye kando yake ataona. Naye akiuliza "Unakunywa nini?", atadanganya, na huo uongo ndio unaoniumiza.

Hapo ndipo shida yangu ilipo, shangazi. Mipango yote hii hupunguza uwezekano wa kuanguka, haiuondoi. Akianguka, mimi sipo. Aliyepo ni yule wa kiti cha pili. Anatakiwa kujua mambo machache tu, lakini ayajue kabla. Atazame saa mara moja. Amtoe miwani, alegeze kola, aweke kitu laini chini ya kichwa. Asimshike kwa nguvu kumzuia asitetemeke na asimtie kitu chochote mdomoni, si kijiko, si kidole, si maji. Mitetemo ikikoma amlaze ubavu, mdomo uelekee chini kidogo ili mate yatoke. Tochi ya simu aimulike sakafuni, asiimulike usoni. Mmoja wao amfuate mhudumu awashe taa, wengine warudi nyuma. Ikipita dakika 5 bila kukoma, au akianguka tena kabla ya kuzinduka, au ameumia, waite gari la wagonjwa. Akizinduka atakuwa amechanganyikiwa kwa muda, pengine nusu saa, na anahitaji sauti moja anayoijua ikimwambia yuko wapi.

Kijana asiyejua haya atafanya kila kilicho kinyume, tena kwa mapenzi mema. Atamkandamiza kifuani, atamtia kijiko. Au atakimbia, wala simlaumu, maana anayeona kifafa mara ya kwanza hudhani mtu anakufa.

Nimeona njia tatu na kila moja ina ubaya wake. Ya kwanza ni kuwaambia wote sita. Ni salama zaidi, lakini jioni nzima macho yatakuwa kwake badala ya skrini, na sita ni wengi kwa siri ya mtu mmoja. Ya pili ni kuwaambia wazazi wao. Hiyo naiogopa, maana mzazi mmoja akiingiwa hofu akamzuia mwanawe, habari itawafikia wote kwa sura mbaya kuliko ilivyo. Ya tatu ni mtu mzima wetu kukata tiketi kimyakimya na kukaa safu tatu nyuma. Kwa usalama inafaa. Ila akigunduliwa, mdogo wangu hataniamini tena, na mwaka huu amebakiwa na watu wachache wa kuwaamini.

Ninayoielekea mimi ni ya nne, nayo haipo mikononi mwangu: amchague rafiki mmoja, yeye mwenyewe, amwambie kwa kinywa chake, na huyo ndiye akae kiti cha pili. Nilipomgusia alinyamaza, kisha akasema, "Dada, wakijua watanitendea kama yai." Sikuwa na jibu. Ni kweli wengine watamtendea hivyo.

Naomba unisaidie mambo mawili. Kwanza, kijana wa miaka 16 anaweza kuanza vipi mazungumzo kama hayo na rafiki, kwa maneno mepesi yasiyomtisha wala kumfanya amhurumie? Wiki nzima nimejaribu kumtungia sentensi ya kwanza, na zote zinasikika kama maneno ya daktari. Pili, akikataa mpaka Ijumaa, nina haki ya kumwambia rafiki mmoja nyuma ya mgongo wake? Siri ni yake na mwili ni wake. Lakini atakayekuwa amepiga magoti kwenye sakafu ile gizani, ameshika kichwa cha mwenzake bila kujua la kufanya, ni mtoto wa watu, naye ana miaka 16 vilevile.

Tiketi saba zimekwishalipiwa, safu moja, mdogo wangu kiti cha katikati akitazama sakafu tambarare. Wenzake wamegawana viti kasoro kimoja, kile cha mkono wake wa kulia. Nimewaambia wakiache kwanza.

Dada yake