Kabla ya kusema mashine ya kahawa imekufa

Mama mmoja wa Uyole alituletea mashine yake ya espresso, ile inayosukuma maji ya moto kwa presha kupita kwenye kahawa, hapa kwenye duka letu la kutengeneza mashine za kahawa, Mwanjelwa, Mbeya, akiwa ameifunga kwenye khanga kama mtoto. Fundi mmoja alikuwa amemwambia pampu imekufa, aagize nyingine Dar es Salaam. Kahawa ilikuwa ikitoka tone kwa tone, chungu kama mwarobaini. Tukaiwasha, pampu ikanguruma vizuri tu. Tukaizima, ikapoa, tukailaza chali na kufungua skrubu moja iliyo katikati ya kile kibati chenye matundu madogo, ambacho maji hupitia kabla ya kuiangukia kahawa. Nyuma yake palijaa tope jeusi linalonata kama lami wakati wa jua kali.

"Mama, hebu nusa," nikamwambia.

Akanusa, akarudisha kichwa nyuma. "Mbona kama mafuta ya sambusa yaliyolala?"

Alikuwa amepatia kabisa. Punje ya kahawa ya arabika, hii inayolimwa kwetu Mbozi, Rungwe na kule Mbinga, ina mafuta yanayokaribia asilimia 15 ya uzito wake. Kila kikombe unachotengeneza huacha utando mwembamba wa mafuta hayo kwenye bati, kwenye chujio na kwenye mkono wa mashine, ule unaoshika chujio. Yakipigwa na joto na hewa siku baada ya siku, yanachacha. Chenga za kahawa nazo zinanasa humo, mpaka matundu yanaziba. Yule mama alikuwa akinunua kahawa nzuri ya kukaangwa wiki hiyohiyo, kisha anaipitisha kwenye mafuta ya mwaka mzima.

Nimeandika haya kwa sababu mashine nyingi tunazoletewa zikiitwa mbovu zinasumbuliwa na uchafu tu. Na uchafu wenyewe ni wa aina mbili: mafuta ya kahawa, na chokaa ya maji. Dawa ya mmoja haimgusi mwenzake. Mafuta yanatolewa kwa sabuni na maji ya moto. Chokaa inatolewa kwa kitu kichachu. Wateja wengi hupitisha siki kwenye mashine, wakaona uchungu uko palepale, wakakata tamaa. Siki haina inachoweza kuyafanya mafuta.

Tuanze na mafuta, maana ndiyo yanayoharibu ladha haraka. Ukimaliza kutengeneza kahawa, toa machicha hapohapo, pitisha maji matupu sekunde tano, futa kibati kwa kitambaa kibichi. Usiache machicha kwenye mkono wa mashine hadi kesho asubuhi. Mara moja kwa wiki fungua ile skrubu mashine ikiwa imezimwa na kupoa, loweka kibati na chujio kwenye maji ya moto yenye sabuni ya vyombo kwa nusu saa, sugua kwa mswaki wa zamani, suuza sana. Kama tope limeganda, tunao unga maalumu wa kusafishia mashine za kahawa. Tafadhali usitumie magadi kwenye kitu chochote cha alumini. Magadi hula alumini.

Kuna watu wamesikia habari ya kuweka chujio lisilo na matundu ili maji yarudi nyuma na kuosha ndani. Ni njia nzuri, ila haifai kwa kila mashine. Zima maji baada ya kutengeneza kahawa, usikilize: kama inapumua "pshh" na maji yanamwagika kwenye trei kupitia kijibomba, ina vali ya kutolea presha, na unaweza kuioshea hivyo. Kama haipumui, acha. Mashine nyingi ndogo za nyumbani hazina vali hiyo, na utaziumiza bure.

Sasa chokaa. Chungulia ndani ya birika lako la umeme. Ukiona ukoko mweupe chini, basi ukoko huohuo uko ndani ya boila la mashine yako, ila hapo huuoni. Maji yanayopita kwenye miamba ya chokaa huibeba ikiwa imeyeyuka, na yakipashwa moto yanaiacha. Nchi yetu hii chokaa inayo. Ndiyo inayochimbwa kule Songwe kutengenezea saruji. Lakini maji hayafanani. Jirani wa kulia anaweza kuwa anatumia maji ya kijito cha mlimani, wa kushoto ana kisima, na mashine zao zikazeeka tofauti kabisa. Ukoko ukilifunika hita, joto halifiki kwenye maji vizuri, hita linajichemsha lenyewe, na mwisho wake linaungua. Hapo ndipo matengenezo yanapokuwa ya fedha nyingi.

Dawa yake ni unga wa sitriki, ule mweupe mchachu: gramu 20 kwenye lita moja ya maji ya uvuguvugu. Mimina kwenye tangi, pitisha nusu, zima, subiri dakika 15, pitisha iliyobaki, na upitishe pia kidogo kwenye bomba la mvuke. Kisha suuza kwa matangi mawili ya maji safi. Mwenye maji ya kisima afanye hivyo kila baada ya miezi miwili, wengine mara mbili au tatu kwa mwaka. Usilaze dawa ndani usiku kucha. Hilo nalisema kwa uchungu: mwaka wangu wa kwanza wa kazi hii nililaza siki kwenye birika la moka la mteja, lile la kupikia kahawa juu ya jiko, la alumini, na asubuhi nikalikuta limepauka na kupata vidoti vyeusi ndani. Nililipa jingine.

Na hilo birika la moka, lile la Kiitaliano la vipande vitatu lililobuniwa mwaka 1933, ndilo ninalowashauri wengi waanze nalo, kwa sababu halihitaji umeme. Linaharibiwa na moto mkubwa. Ukiliweka juu ya jiko la mkaa lililokolea, mshikio unayeyuka na raba ya katikati inakauka. Kisha mvuke unatokea ubavuni na kahawa haipandi. Weka moto mdogo wa gesi, au subiri mkaa ufunikwe na majivu. Maji yaishie chini ya ile vali ndogo ya pembeni. Usiizibe vali hiyo kamwe, ndiyo inayokulinda birika lisipasuke. Kahawa usiishindilie. Likianza kukoroma, epua. Raba tunazo dukani, na kuibadilisha ni kazi ya dakika moja.

Kwa wanaotumia presi, ile jagi yenye kichujio cha kusukuma machicha chini, au chujio la karatasi nina neno moja la sisi watu wa nyanda za juu. Vijitabu vya maelekezo husema maji yakichemka subiri nusu dakika ndipo umimine. Pwani, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 100, ni sawa. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu yanachemka yakiwa na nyuzi 94 hivi. Makete huko, pungufu zaidi. Ukisubiri, na hasa baridi ya Juni na Julai, unamimina maji yaliyokwisha kupoa, na kahawa inatoka chachu, nyepesi, kama haijaiva. Mimina yanapochemka. Osha kikombe kwa maji ya moto kwanza.

Umeme ukikatika, chomoa mashine kwenye soketi. Unaporudi huwa unakuja kwa kishindo, na bodi ya mashine haivumilii.

Ukija kwetu, njoo na mashine pamoja na mkono wake na machujio yote, hata yale usiyoyatumia. Njoo pia na nusu lita ya maji unayotumia nyumbani kwenye chupa safi, na konzi ya kahawa yako. Tunapima ugumu wa maji bure, tunaifungua mashine mbele yako, na kama kilichokuwa kinaisumbua ni mafuta tu, tunakuoshea na kukuonyesha unavyofungua ile skrubu. Mama wa Uyole sasa anaifungua mwenyewe kila Jumamosi. Tulimtoza pesa ya usafi tu. Pampu yake ni ileile.