Mume anataka tuhamie Kange, vitumbua vyangu je?

Anti shikamoo, na nyie wasomaji hamjambo. Mie ni mama wa watoto wawili, tunakaa Makorora hapa Tanga, tumepanga chumba na sebule kwa bibi mmoja huu mwaka wa saba, kodi 60,000 kwa mwezi. Sasa mume wangu kapata nyumba Kange, zile mpya za wapangaji wanne ndani ya geti, vyumba viwili, choo ndani, vigae mpaka barazani, 150,000. Dalali anataka ya miezi sita na ya kwake mwezi mmoja, jumla 1,050,000.

Sikatai hapa tumechoka. Choo tunashea kaya tano, asubuhi unasimama na ndoo yako unasikilizia mtu akohoe ujue yumo. Masika natega mabeseni matatu sebuleni. LUKU ni moja nyumba nzima na ile kodi ya jengo 1,500 inamkata anayenunua umeme wa kwanza ndani ya mwezi, basi ikifika tarehe moja kila mtu anajifanya giza halimsumbui, juzi hapa tumelala gizani siku mbili kisa 1,500 jamani, na hiyo kodi wala si yetu ni ya mwenye nyumba, lakini bibi wa watu utamdai vipi na ndo anayeniangalizia mdogo nikiwa kwenye moto.

Maana mie nauza vitumbua. Naamka saa kumi alfajiri, mchele nimeshauloweka usiku, nausaga, tui, iliki, saa kumi na mbili chuma kimepata moto hapo barazani na saa tatu sina hata kimoja. Bodaboda, watoto wa shule, wote wangu, kuna mwalimu analipa mwisho wa mwezi na hajawahi kunizingua. Nikitoa mtaji nabaki na elfu nane mpaka kumi, na hiyo ndo inayokula nyumbani.

Huyo mwenye nyumba wa Kange kasema mkaa na kuni marufuku, masizi yatamharibia rangi, tumia gesi, na biashara getini kwake hataki. Gesi nimejaribu, mtungi wa kilo sita siku tisa kwisha, afu vya katikati vinaungua vya pembeni vibichi. Mume anasema Kange si kuna stendi, abiria wa Dar wanaondoka alfajiri utauza mara mbili ya hapa. Sawa, ila pale kila mama ana kona yake kitambo, mie nitatua wapi na chuma changu? Nikamwambia basi niwe nakuja na bajaji alfajiri nikaangie hapahapa kwa bibi, kanijibu naona umeolewa na Makorora.

Na kuna hili ambalo ndo linanikereketa zaidi, mwenzangu mkononi ana 600,000 tu. Iliyobaki anataka itoke kwenye mchezo wangu, ule wa kuchanga na kupokezana na wenzangu, 500,000, ambayo nilishaipigia hesabu ya friza.

Nikubali, au nimwambie asubiri mpaka nipate kwanza kona ya kuuzia huko? Dalali anataka jibu Jumamosi, na mume anajua kabisa mchezo napokea Ijumaa.

Mama Vitumbua, Makorora