Bawa likaguliwe kabla halijafungwa

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie ndege ndogo ambazo watu hununua zikiwa vipande na kuziunda wenyewe nyumbani. Sheria ya Marekani huruhusu ndege ya namna hii isajiliwe iwapo sehemu kubwa ya kazi, yaani zaidi ya nusu, imefanywa na watu binafsi kwa ajili ya kujielimisha au kujiburudisha. Naiona ni sheria ya busara, kwa kuwa aliyeiunda ndege kwa mikono yake huijua kuliko mtu mwingine yeyote.

Hofu yangu ni bawa. Kila tundu linalotobolewa kwenye bati la alumini huacha ukingo wenye ncha kali, na ukingo huo usiposuguliwa ukawa laini kabla ya ribiti, yaani pini ya kuunganishia mabati, kupigwa, ufa huweza kuanzia hapo na kukua kidogo kidogo kutokana na mitetemo. Bati la mwisho likishafungwa, sehemu nyingi za ndani hazionekani tena. Kwa hiyo nawasihi wote wanaounda ndege wamwite fundi mzoefu alikague bawa likiwa bado wazi, hata pale ambapo sheria haiwalazimishi.

Wasalaam,
Msomaji wako