Kitufe cha kulipia nacho kiwe na jina

Mhariri,

Wafanyabiashara wengi nchini Kenya wamezoea kuweka nauli, ratiba na hata nambari za simu ndani ya picha, kisha kuipachika picha hiyo kwenye tovuti zao. Kwa mteja asiyeona, ambaye simu yake humsomea kwa sauti yaliyo kwenye skrini, bango hilo halina neno hata moja. Dawa yake ni kuyaandika maelezo hayo kama maandishi ya kawaida, au kuiambatanishia picha maelezo yanayosomeka na simu, kazi ambayo fundi wa tovuti huimaliza kwa dakika chache.

Kinachoudhi zaidi ni ukurasa wa malipo. Mteja huchagua bidhaa na kuandika anwani yake, kisha akafika kwenye alama ya kikapu ambayo hakuna aliyeipa jina, na simu ikamwambia tu kwamba hapo pana kitufe. Hakuna mwenye duka ambaye angeajiri bawabu wa kuwafukuza wanunuzi walioshika pesa mkononi, lakini tovuti nyingi hufanya kazi hiyo mchana na usiku.

Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia ipasavyo maeneo yote, usafiri wa umma na habari. Nchini Marekani, Guillermo Robles, ambaye haoni, aliishtaki Domino's kwa kuwa alishindwa kuagiza piza mtandaoni, na mwaka 2019 Mahakama ya Juu ilikataa kusikiliza rufaa ya kampuni hiyo. Sitamani tufike mahakamani kwa ajili ya chakula.

Najua watakaolalamikia gharama, nao wana hoja iwapo tovuti imekwisha kujengwa vibaya, kwa maana kuibomoa na kuijenga upya ni ghali. Inayojengwa sasa haina kisingizio hicho. Viwango vya kimataifa vya WCAG, vinavyoeleza jinsi ya kutengeneza tovuti ambazo watu wenye ulemavu wanaweza kuzitumia, vinataka maandishi ya kawaida yatofautiane kwa mwangaza na rangi ya nyuma yake kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1, jambo linalomfaa pia mzee, na yeyote anayesoma simu juani akisubiri matatu.

Ninapendekeza kwamba fundi asikabidhiwe malipo ya mwisho kabla mtu asiyeona hajanunua kitu kwenye tovuti hiyo, tangu kutafuta bidhaa hadi kupokea risiti, bila kusaidiwa. Na mjaribishaji huyo alipwe ujira wake kama fundi mwingine yeyote.

Msomaji wako,
Mombasa